Kabla Riadha Haijawa Mbio

Daktari aliniambia nisimtazame usoni, nitazame ukucha wake. Alikuwa ameweka kidole gumba pale shingo yangu inapokutana na bega la kushoto, akikandamiza taratibu kama mtu anayepima embe kama limeiva. Ukucha ulikuwa na rangi ya waridi. Ukaanza kupauka kwenye ncha, kisha ukawa mweupe wote. "Hapo ni kilo nne hivi," akasema. Sikumsikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshapiga ukelele. Akahamia bega la pili, kisha kifuani chini ya mtulinga, kiwiko, nyonga, upande wa ndani wa goti. Ni sehemu 18 kwa jumla, tisa kila upande. Kwa hesabu waliyoiweka madaktari wa Marekani mwaka 1990, mtu ambaye maumivu yamemkaa mwili mzima kwa miezi mitatu au zaidi, na akaumia katika sehemu 11 kati ya hizo, ana fibromialjia. Mimi niliumia katika 14.

Hiyo ilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2016. Hesabu yenyewe ilikuwa imeshaanza kuachwa. Tangu 2010 madaktari wanaelekezwa wamuulize zaidi mgonjwa kuliko kumbonyeza: maumivu yako wapi, usingizi ukoje, uchovu ukoje, akili inashika au inateleza. Lakini daktari wangu alikuwa mtu wa zamani, na mpaka leo namshukuru kwa uzamani wake, maana baada ya miaka miwili nilikuwa nimepata mtu aliyeyaona maumivu yangu kwa ukucha wake mwenyewe. Kabla yake nilishaambiwa ni umri, ni mawazo, ni hedhi inayokoma. Damu ilipimwa na kupimwa tena, majibu yakarudi masafi. Na mimi nilikuwa siwezi kukamua kanga. Nilikuwa nalala kwa saa nane na kuamka kama mtu aliyepigwa usiku kucha. Nilikuwa mwalimu wa Kiarabu katika skuli ya sekondari Unguja, na nilifika hadi ya kuwaita wanafunzi waniandikie ubaoni, kwa sababu mkono haukupanda juu ya kifua.

Daktari akaandika vidonge, akakunja karatasi, akanipa. Halafu akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo mlangoni, "Na mama, ufanye mazoezi."

Nililia kwenye boti kuanzia Dar mpaka Unguja. Sikulia kwa ajili ya maradhi, nililia kwa ajili ya sentensi ile. Nilijiuliza mtu asiyeweza kunyanyua birika atafanyaje mazoezi. Na jibu, lilipokuja, sikulipata kwenye kiwanja wala kwenye jimu. Nililipata kwenye historia ya maneno mawili matatu ambayo sisi watu wa pwani tunayatamka kila siku bila kuyasikia.

La kwanza alinipa shangazi yangu. Alikuja siku ya pili yake na chupa ya mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu, akapanda kitandani miguuni pangu na kuanza kunichua vigimbi. "Mwanangu," alisema, "hii si fibro-nini-sijui. Hii ni baridi yabisi. Imekuingia. Nimekwambia usikae saruji, kaa mkekani, hukunisikia." Nilimwitikia tu, kwa adabu. Lakini usiku, usingizi ulipokataa, neno lile likaanza kunizunguka. Mimi ni mwalimu wa Kiarabu. Nimelisema neno baridi yabisi maisha yangu yote na sijawahi kusimama nikaliuliza linatoka wapi.

Yabisi ni kavu. Baridi yabisi, basi, ni "baridi kavu", na hilo si jina la ugonjwa, ni hukumu ya tabibu. Ni namna ya kupima iliyotoka kwa Wagiriki, ikapikwa upya kwa Kiarabu Baghdad na Uajemi, ikavuka bahari na majahazi: kwamba mwili una hari na baridi, rutuba na ukavu, na kwamba afya ni mizani yake. Elimu ile imezama, ila mabaki yake yamebaki ufukweni mwa lugha yetu. Tunapokohoa tunatoa balghamu, ambayo ilikuwa mojawapo ya majimaji manne ya mwili. Tunaposema mtoto ana safura tunamaanisha minyoo inayommaliza damu, lakini kwa matabibu wa kale ile ilikuwa nyongo ya manjano. Na shangazi anaponikataza saruji na kunipaka mafuta ya karafuu yenye kuunguza, anatibu baridi kwa hari, sawasawa na ilivyoandikwa miaka elfu moja iliyopita, ingawa hajaona kitabu hicho hata kwa mbali.

Mimi nilikitafuta. Marehemu baba alikuwa nacho, juzuu za *Al-Qanun fi al-Tibb* ya Ibn Sina, chapa ya Beirut, mchwa wameonja majalada. Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara na kufa 1037, na kitabu hicho alikimaliza yapata 1025. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikigeuza Kilatini kule Toledo, na vyuo vikuu vya Ulaya vikakisomesha kwa mamia ya miaka. Mwaka 1593 kilichapwa kwa Kiarabu Roma kwenyewe. Nilikuwa nakijua kama mtu anavyokijua kitabu cha sebuleni. Safari hii nilikifungua nikiwa nimelala ubavu, kitabu nimekiegemeza kwenye mto kwa sababu vifundo vya mikono havikukibeba, na nikaenda kwenye sehemu ya kulinda afya. Mlango ulionisimamisha unahusu riadha.

Kwa Kiswahili cha leo riadha ni mbio, kuruka na kutupa tufe. Ukisema riadha watu wanamuona Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, anavunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Ndiyo riadha niliyokua nayo mimi. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 12, nikachaguliwa kwenye halaiki ya miaka 15 ya Mapinduzi katika uwanja wa Amaan, uwanja uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Tulifanya mazoezi kwa wiki nyingi juani, watoto mamia, mikono juu, chini, geuka, piga goti. Aliyeanguka alinyanyuliwa, akanyweshwa maji, akarudishwa mstarini. Mwili kwangu ulikuwa kitu kinachotii amri. Hivyo nilivyouelewa tangu utoto, ndivyo nilivyouendesha hata ulipoanza kuugua.

Lakini asili ya neno ni nyingine. Kwa Kiarabu, mzizi wake ni kumfuga na kumfundisha mwanafarasi, yule ambaye hajawahi kutandikwa. Humpandi siku ya kwanza. Unamshika shingo, unamtembeza, unamuachia, unarudi kesho. Masufi walilichukua neno hilohilo kwa ajili ya kuilea nafsi. Na matabibu walilichukua kwa ajili ya mwili. Ibn Sina anaieleza riadha kuwa ni mwendo wa hiari unaomlazimisha mtu kupumua kwa kina na kwa kufuatana. Nilikisoma kifungu hicho mara tatu. Hakuna neno la mbio, wala la kushinda. Kipimo chake ni pumzi.

Kisha anataja aina za riadha, na humo, pamoja na mieleka na kupanda farasi, mnamo riadha laini za watu dhaifu: pembea, na kupanda mashua. Mtu aliyekaa kwenye pembea, au aliyechukuliwa na mashua ufukweni, kwake huyo anafanya riadha. Mimi niliyekulia Unguja, niliyesimama foleni ya pembea kila Sikukuu, niliyevuka kwenda kisiwa cha Changuu kwa mashua na wanafunzi, sikuwahi kudhani kwamba kuna tabibu aliyeyahesabu hayo.

Na kuna alichokisema kuhusu uchovu. Anaugawa. Uko uchovu ambao mtu akiguswa anahisi kama ana vidonda au amechomwa miiba, na hali ngozi ni nzima. Uko uchovu wa kuvutwa, viungo vikawa kama vilivyopondwa. Na uko uchovu wa joto, kana kwamba mwili umevimba. Sisemi Ibn Sina aliijua fibromialjia. Alikuwa anazungumzia watu waliozidisha mazoezi, na mengi ya hayo aliyapokea kutoka kwa Jalinusi, Mgiriki wa karne ya 2. Lakini nilikuwa nimetumia miaka miwili kuwaeleza watu wenye makoti meupe kwamba naumwa kama nina vidonda na sina vidonda, na walinitazama kama mtu anayetunga. Hapa palikuwa na mwanachuoni wa Bukhara ambaye angenielewa kabla sijamaliza kusema.

Ningekuwa na akili siku hiyo ningefunga kitabu na kuanza kama mwanafarasi. Sikufanya hivyo. Nilisoma kwa macho, mwili ukabaki na mafunzo ya halaiki.

Zanzibar tuna desturi yetu ya tarehe 1 Januari: siku ya mazoezi ya viungo. Vikundi vinatoka mitaani na mashamba, wanawake kwa wanaume, fulana za rangi moja, ngoma na filimbi mbele, vinatembea na kukimbia kuelekea Amaan. Ni siku ninayoipenda. Mwaka 2017 niliamka kabla ya alfajiri, nikavaa raba za mwanangu, nikajiunga na kundi la mtaani. Nilitembea njia nzima. Uwanjani nikafanya kila kilichoamriwa, mikono juu, chini, geuka, na nakumbuka furaha iliyonijaa, kwamba nimerudi, kwamba ule mwili wa miaka 12 ulikuwa umejificha tu. Usiku nililala vizuri. Siku ya pili nilikuwa na maumivu ya kawaida. Siku ya tatu sikuweza kushuka kitandani. Nilikaa ndani siku tisa. Mwanangu alinishika mkono kwenda msalani, na sala nilizisali kwa kukaa, na nyingine kwa ishara.

Huo ndio mtego wa maradhi haya, na anayeuguza mtu wake aujue. Adhabu haiji siku ya kosa. Inakuja baada ya siku mbili, wakati umeshasahau na pengine umeshazidisha tena. Mgonjwa anaiona hesabu mbovu: nikifanya naumia, basi nisifanye. Na asipofanya, misuli inalegea, usingizi unazidi kuharibika, na ngazi zilizokuwa nzito mwaka jana mwaka huu zinakuwa mlima.

Katika zile siku tisa nilitaka kujua ni nani aliyetuambia tulale, na ni nani aliyetuambia tuinuke. Historia yake ni fupi na inaumiza.

Mwaka 1904, London, William Gowers, bingwa wa mishipa ya fahamu, alitoa mhadhara kuhusu maumivu ya kiuno, na humo akabuni jina fibrositisi: kuvimba kwa nyuzi za misuli. Mwaka huohuo Ralph Stockman wa Glasgow alisema ameuona uvimbe huo kwa hadubini. Waliokuja baada yake walitazama wasiuone. Jina likabaki miaka 70 likiutaja uvimbe ambao haukuwepo, na kwa kuwa haukuwepo, ilikuwa rahisi kusema na maumivu hayapo. Katika Vita vya Pili vya Dunia madaktari wa majeshi walipokea askari wanaoumwa mwili mzima bila dalili ya kiungo kuharibika, wakayaita maumivu hayo baridi yabisi ya akili. Nafikiri nusu ya machozi ya wagonjwa wenzangu yanatoka kwenye jina lile, hata kwa wale ambao hawajalisikia.

Na kulala? Huko nyuma kidogo, Philadelphia, Silas Weir Mitchell alikuwa amejipatia sifa kwa tiba ya mapumziko. Kitabu chake cha mwaka 1877 kilienea. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke aliyechoka na kudhoofika, alilazwa wiki sita au zaidi, akalishwa maziwa kwa wingi, akachuliwa na mtu mwingine ili misuli isife, na akakatazwa hata kusoma. Charlotte Perkins Gilman alitibiwa naye mwaka 1887, akatoka nusura arukwe na akili, na miaka mitano baadaye akachapisha hadithi ya mwanamke aliyefungiwa katika chumba chenye karatasi za manjano ukutani. Tiba ile haikuwa ya ukatili kwa nia. Lakini ilipanda wazo lililoishi kuliko mwenyewe, kwamba mwanamke anayeumwa bila kidonda atulie, alale, asijichoshe. Nimeambiwa hivyo na watu wanaonipenda, kwa sauti ya upole kabisa.

Mlango ulifunguliwa na usingizi. Mwaka 1975, Toronto, Harvey Moldofsky na Hugh Smythe waliwachukua watu wazima wa afya, wakawalaza maabara, na kila walipozama kwenye usingizi mzito waliwasumbua kwa sauti bila ya kuwaamsha. Baada ya siku chache watu wale wazima waliamka wamechoka, wanaumwa, na wakibonyezwa wanashtuka. Wagonjwa wenyewe waliopimwa walikuwa na usingizi mzito uliovunjika namna hiyohiyo. Hatimaye palikuwa na kitu cha kupimika. Na katika kuendelea kuchunguza, Moldofsky aligundua kwamba wale wachache waliokuwa na mazoea ya kukimbia walisumbuliwa usingizi vilevile na hawakuumwa kama wenzao.

Mwaka 1976 Philip Hench wa Marekani akaleta jina fibromialjia, yaani maumivu ya nyuzi na misuli, akaiacha ile habari ya uvimbe. Mwaka 1981 Muhammad Yunus, daktari mwenye asili ya Bangladesh aliyefanya kazi Peoria, Illinois, aliwaweka wagonjwa 50 sambamba na watu wazima 50, akaonyesha kwamba ugonjwa una sura yake na unatambulikana. Na mwaka 1988, London nyingine, ile ya Ontario, Glenn McCain na wenzake wakaja na jaribio ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Walichukua wagonjwa 42, wakawagawa makundi mawili kwa wiki 20. Kundi moja lilinyoosha viungo tu. La pili liliufanyisha kazi moyo na pumzi. Wale wa pumzi, zile sehemu za ukucha mweupe zikaweza kuvumilia kukandamizwa zaidi.

Pumzi. Nilikumbuka kifungu cha Ibn Sina nikatabasamu peke yangu kitandani.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka polepole. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake waliwabana ukucha wa gumba wagonjwa 16 na wazima 16 ndani ya mashine ya MRI. Mbano mdogo kwa mgonjwa uliwasha ubongo palepale ambapo kwa mzima ulihitajika mbano mkubwa karibu maradufu. Yaani misuli haikuwa na kidonda. Mfumo unaopokea habari za maumivu ndio ulioongezwa sauti. Mwaka 2010 Chenchen Wang wa Boston aliwafundisha taichi ya Kichina wagonjwa katika jaribio la watu 66, mwaka 2018 akarudia na watu 226, na mwendo ule wa taratibu ukashindana vizuri na mazoezi ya kawaida. Na mwaka 2017, shirikisho la Ulaya la kupambana na maradhi ya baridi yabisi lilipopitia tiba zote, vidonge kwa sindano, lilipendekeza kwa nguvu kamili jambo moja tu, nalo ni mazoezi. Daktari wangu alikuwa sahihi pale mlangoni. Alichosahau ni kuniambia kiasi.

Kiasi nilikitafuta nyumbani. Naishi Kajificheni, Mji Mkongwe, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani yenye ngazi 22 za mbao, wima kama ngazi ya jahazi. Nilianza Februari 2017 kwa kushuka, kukaa barazani nje ya mlango, na kupanda. Basi. Siku ya pili hivyohivyo, na siku ya tatu nikangoja adhabu. Haikuja. Baada ya wiki mbili nikatembea mpaka baraza ya nyumba ya pili, nikakaa, nikarudi.

Baraza zikawa ndiyo mita zangu. Waliozijenga walizijenga kwa ajili ya wageni wasioingia ndani, kwa kahawa na bao na maneno ya mtaa, na mvua za masika zinapofurisha vichochoro watu hupita juu yake. Sidhani kuna aliyefikiria kwamba amemjengea mgonjwa wa fibromialjia mahali pa kupumzikia kila baada ya hatua 15. Lakini ndivyo zilivyonifaa. Wazee waliokuwa wakikaa hapo walinizoea. Mmoja alisogeza miguu kabla sijafika, bila kusema kitu, kila siku.

Nilijiwekea alama tatu, nazo nilizitoa kwa Ibn Sina: rangi ya uso, wepesi wa mwendo, na hali ya viungo. Maadamu uso una damu, hatua ni nyepesi na viungo vinajaa uhai, endelea. Rangi ikififia, hatua ikiwa nzito, simama, hata kama umebakiza kidogo. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu kujifunza kuliko yote. Mtoto wa halaiki hasimami akiwa bado anaweza. Mimi nilijifunza kusimama nikiwa bado naweza, kurudi nyumbani na nguvu mkononi, na jioni niipate nguvu hiyo ipo. Kiooni kulikuwa na uso wangu, nikautazama kila nikirudi, kama nilivyoutazama ule ukucha.

Mwezi wa nne nilifika Hamamni.

Ni kama dakika sita kutoka kwangu kwa mtu mzima, na nilikuwa sijaingia ndani tangu nilipokuwa msichana. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpa Haji Gulamhussein kazi ya kujenga hamamu ya watu wote kwa mtindo wa Kiajemi. Masultani walikuwa na zao. Baba yake Barghash, Seyyid Said, alijenga ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Ya Barghash ilikuwa ya mji. Ilifanya kazi mpaka 1920, kisha ikafungwa. Leo ni vyumba vitupu, saruji na ukimya, na mwanga unaoshuka kutoka juu.

Nilikaa kwenye ukingo wa dimbwi lisilo na maji, nikaweka viganja chini, na nikafahamu kwamba mahali hapa ni ukurasa wa kitabu cha baba. Ibn Sina anaipanga riadha, kuchuliwa, na hamamu kama mambo ya mfululizo, mkono mmoja ukipokea kwa mwingine. Anaeleza hata riadha ya kurejesha: mwendo laini uliochanganywa na kuchuliwa, ili uchovu usigande mwilini. Mji huu ulikuwa na vyote vitatu kwa wakati mmoja. Ulikuwa na wachuaji, na mafuta, na vyumba vya moto, na watu waliokwenda kwa miguu kila mahali. Hamamu ilifungwa. Wachuaji wamebaki vyumbani kwa mashangazi. Riadha ikahamia uwanjani, ikawekewa saa na medali. Kila kipande kilikwenda njia yake, na mgonjwa kama mimi akabaki na karatasi ya vidonge na sentensi moja mlangoni.

Nilivyoviunganisha mwenyewe si kwa uzuri wa hamamu. Nikirudi kutembea, naoga maji ya moto ya ndoo, niliyoyachemsha kwa jiko la gesi, na kumimina polepole mabegani. Shangazi, alipokuwa bado ana nguvu, alinichua miguu jioni, na nilimfundisha asikandamize kama zamani, aanze kwa mkono mwepesi. Alikubali kwa shida. Aliamini mafuta yasipounguza hayajafanya kazi. Mwaka wa kwanza niliumwa vibaya mara nne, kila mara baada ya kujisahau: siku ya harusi, siku ya kufua mapazia, na mara mbili kwa sababu nilijisikia mzima. Sijapona. Napenda niliseme hilo waziwazi, kwa sababu mgonjwa mpya akisoma habari ya mtu aliyerudi mazoezini anatafuta neno "alipona", na asipolitafuta yeye atatafutiwa na jamaa zake. Maumivu yapo leo, yako kwenye vifundo vya mikono ninapoandika. Lakini kanga naikamua. Ubaoni niliandika mwenyewe mpaka nilipostaafu.

Sasa natembea mpaka Forodhani karibu kila jioni, dakika 35 kwenda na kurudi, kwa pumzi ya kina inayofuatana. Tarehe 1 Januari nakaa kando ya njia na kuwapigia makofi wanaopita, kisha natembea nyuma yao mpaka Darajani, basi, narudi.

Mwaka jana shangazi alianguka. Hakuvunjika, lakini aliogopa, akawa anakaa mkekani kutwa na kusema baridi imemuingia. Amepindukia miaka 80. Nilimwacha wiki mbili, halafu asubuhi moja nikaenda na kofia yake ya jua na bakora ya marehemu mume wake. "Shikamoo shangazi. Tunatoka." Alisema hawezi. Nikamwambia sijamuomba aweze, nimemuomba afike baraza ya kwanza. Tulikwenda, mkono wake ndani ya wangu, mwepesi kama kikapu kitupu. Alikaa, akavuta pumzi, akainua macho kuitazama baraza ya pili, hatua 15 mbele, yenye kivuli.

"Pale si mbali," alisema.

Nikamtazama usoni. Rangi ilikuwa imeanza kuondoka kwenye midomo.

"Pale kesho, shangazi," nikamwambia, na tukakaa hapo tulipo mpaka muuza kahawa alipopita.